Spider-Man wawili wametoka 1967, sio 2018

Jamani mwandishi wa ile habari yenu amekosea kusema ile picha ya utani ya mtandaoni ya Spider-Man wawili wananyoosheana vidole ilianzia filamu ya Into the Spider-Verse ya 2018. Ile filamu iliirudia tu mwisho kabisa baada ya majina kupita na yenyewe inaonyesha wazi kwamba mhusika wake ameingia kwenye katuni ya 1967.

Chanzo ni katuni hiyo ya zamani ya Spider-Man iliyoanza kurushwa na televisheni ya ABC kule Marekani mwaka huohuo, episodi inaitwa Double Identity, kuna mhalifu Charles Cameo ambaye ni mwigizaji anayejua kujigeuza afanane na mtu yeyote, sasa akavaa kama Spider-Man ndo wakakutana uso kwa uso kila mtu anamnyooshea mwenzake.

Mi ile katuni naipenda sana na inaniuma watu wanavyoibeza eti michoro mibovu. Bajeti ilikuwa ndogo, wachoraji wakawa wanarudia vipande vilevile vya kuruka angani, hata nyuzi za utando kwenye suti wakazibakiza kwenye kinyago, glavu na buti tu ili kupunguza kazi. Ndo maana ukistopisha popote unapata picha safi, pozi moja, sura imefunikwa, unaibandikia maana yoyote unayotaka, iwe vyama viwili vinalaumiana au mapacha wanakana kosa. Februari 2022 Marvel wenyewe, kampuni ya Spider-Man, wakatoa picha ya Tobey Maguire, Andrew Garfield na Tom Holland, waigizaji watatu waliocheza Spider-Man kwenye filamu, wakiwa kwenye pozi hilohilo.

Tafadhali rekebisheni hiyo habari, waliochora enzi zile wanastahili kutajwa.