Karatasi Haikuiua Sanaa ya Mithila

Kuna lawama inayonichosha kila inapotajwa michoro ya Madhubani: eti iliharibika siku ilipotoka ukutani ikahamia kwenye karatasi. Wenye kulalama hivyo, nijuavyo, si wale waliokuwa wakizikandika hizo kuta.

Kwa asiyeijua, Madhubani iko kaskazini mwa jimbo la Bihar, India, karibu na mpaka wa Nepal, katika eneo la kale la Mithila. Huko wanawake wamechora kuta za nyumba zao za udongo kizazi hadi kizazi. Harusi ikikaribia, chumba cha maharusi, kohbar, hujazwa mayungiyungi, mianzi, samaki, kobe na kasuku, kuwaombea wanandoa uzazi na heri. Rangi zilipatikana hapohapo nyumbani: masizi, manjano ya mchuzi, mchele uliosagwa na kutiwa maji. Brashi ni njiti ya mwanzi iliyozungushiwa pamba nchani. Ukuta ukichakaa hukandikwa upya, mchoro unapotea, binti mwingine anaolewa, wanachora tena. Saini? Nani atie saini ukuta wa mama mkwe?

Ukame wa 1966 na 1967 ndio uliogeuza mambo. Bodi ya serikali ya kazi za mikono ilimtuma msanii Bhaskar Kulkarni vijijini na karatasi, wanawake wachore wapate cha kuuza. Njaa ndiyo iliyoileta karatasi, si tamaa. Na karatasi ikaleta majina: Sita Devi, Ganga Devi, Jagdamba Devi. Huyo wa mwisho alitunukiwa nishani ya taifa ya Padma Shri mwaka 1975.

Ila mfano wangu mkubwa ni Dulari Devi. Ni wa tabaka la wavuvi, na alikuwa akifanya kazi za ndani nyumbani kwa mchoraji Mahasundari Devi, kijiji cha Ranti. Afagie, aoshe vyombo, huku jicho liko kwenye michoro. Sanaa iliyosifiwa wakati huo ilikuwa ya wanawake wa matabaka ya juu, Wabrahmin na Wakayastha. Akajifunza humohumo, akaanza kuchora maisha ya watu wake, na mwaka 2021 naye akapewa Padma Shri. Wanawake wa Kidalit, wa matabaka ya chini kabisa, nao waliingia na mtindo wao, godna, uliotokana na chale za mwilini, yaani tatuu. Anayetamani enzi za ukuta aniambie kwanza Dulari angechora ukuta wa nani.

Kinachonikera mimi ni kingine: foronya, mikoba na vifuniko vya simu vinavyochapwa kiwandani kwa maelfu kisha vikaitwa Madhubani. Mwaka 2007 jina hilo lilisajiliwa kisheria kuwa mali ya eneo hilo, lakini usajili haumzuii mwenye mashine kuiga samaki. Ukitaka kununua, tafuta samaki wawili kwenye kazi ileile uwalinganishe. Wakifanana magamba hadi ukingo wa jicho, umeshajua. Mkono wa mtu hutetereka, wino hukolea hapa ukafifia pale.

Sisemi mashine ni haramu. Kanga kibao tunazojifunga zimechapwa hukohuko India, na tunazipenda. Lakini kanga haijawahi kumdanganya mtu kwamba kuna mama aliyeichora usiku kucha, wala haiuzwi kwa bei ya jasho lake.