Machine Head: Ngoma Ikivuma Sana, Hupasuka?

Lawama ninayokutana nayo mara nyingi kuhusu Machine Head, albamu ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, iliyotoka Machi 1972, si kwamba ni mbaya. Ni kwamba ni kavu. Wanaosema hivyo wana maana yao: ngoma hazina mwangwi, gitaa limekaa uchi, na sauti ya mwimbaji Ian Gillan iko mbele pale kama ya mtu anayekuongelesha mezani. Wakiiweka kando ya Made in Japan, santuri ya bendi hiyohiyo iliyorekodiwa jukwaani Agosti mwaka huohuo, wanaona hii ya studio ni mazoezi na ile ndiyo mechi. Ng'ambo ya pili wapo wanaoapa kwamba miaka ya sabini haikuzaa albamu ya roki nzito iliyonyooka kuliko hii. Nimewahi kukaa kambi zote mbili. Siku hizi nadhani pande zote zinasikia kitu kilekile, ila huyu anakiita kasoro na yule anakiita ufundi.

Ukavu wenyewe una historia, na bila kuijua ubishi huu hauendi mbali. Desemba 1971 bendi ilifika Montreux, mji wa Uswisi ulio ukingoni mwa Ziwa Geneva, ikiwa imekodi studio ya kutembea ya Rolling Stones, yaani lori lenye mitambo ya kurekodia. Mpango ulikuwa kurekodi ndani ya kasino ya mji, ambayo ingefungwa kwa majira ya baridi mara tu baada ya onyesho la mwisho, la Frank Zappa na kundi lake, tarehe 4. Katikati ya onyesho mtazamaji mmoja akafyatua bastola ya fataki kuelekea dari. Jengo likaungua lote, hakuna aliyekufa, na Deep Purple wakabaki na lori lisilo na pa kuegeshwa. Wakahamia ukumbi uitwao Pavillon, wakapiga wimbo mmoja usiku, majirani wakalalamika, polisi wakaja kugonga mlango huku mafundi wa bendi wakiuzuia kwa ndani hadi wimbo uishe. Mwisho wa safari yao ulikuwa Grand Hotel, hoteli tupu iliyofungwa kwa sababu ya baridi. Vyombo vikapangwa kwenye korido, magodoro yakawekwa kuzuia sauti, nyaya zikavutwa hadi kwenye lori nje.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Kutoka koridoni hadi kwenye lori kulihitaji mtu apite vyumbani, arukie roshani, ashuke nje kwenye baridi. Baada ya safari chache za namna hiyo wanamuziki wakaacha kwenda kusikiliza walichorekodi. Wakapiga, wakamwamini Martin Birch, fundi mitambo wao, wakaendelea na wimbo mwingine. Kazi nzima ilikwisha ndani ya wiki mbili na kitu.

Basi msikilizaji anayesema albamu haina mwangwi hajakosea. Anasikia magodoro. Lakini angalia ukavu huo umefanya nini. Deep Purple ilikuwa bendi yenye tatizo ambalo wenzao wengi hawakuwa nalo: vyombo viwili vinavyogombea kiti kimoja. Jon Lord hakupiga kinanda chake cha Hammond kama wapiga vinanda wa kanisani. Alikipitisha kwenye ampilifaya ya Marshall, ileile ya magitaa, kikatoa mkoromo unaokaribia kabisa mlio wa gitaa la Ritchie Blackmore. Mahali penye mwangwi mkubwa, sauti hizo mbili hugeuka uji. Koridoni kila moja ilibaki na mipaka yake. Sikiliza Lazy: kinanda kinaanza peke yake kwa kiburi, gitaa linaingia kama mgeni aliyechelewa lakini anajua nyumba, na katika wimbo mzima wa dakika zaidi ya saba huhitaji kuuliza nani anasema nini. Au Pictures of Home, ambayo kwangu ndiyo moyo wa albamu, ingawa watu huitaja kwa nadra. Roger Glover anapewa nafasi fupi ya besi, na kila noti inafika ikiwa na kingo zake. Katika ukumbi wa watu elfu kadhaa nafasi hiyo ingemezwa.

Hata hivyo, watu wa Made in Japan si wa kupuuzwa, na wana ushahidi mkononi. Kati ya nyimbo saba za santuri hiyo, nne zimetoka Machine Head, kwa hiyo kulinganisha ni rahisi. Highway Star ya jukwaani inawaka kuliko ya hotelini; hapo nakubali. Kwa Space Truckin' nakubali zaidi. Toleo la studio ni wimbo wa dakika nne na nusu unaoishia pale unapoanza kunoga, wakati toleo la Japani linakaribia dakika 20 na ndani yake Lord na Blackmore wanakwenda mahali ambapo hakuna aliyewatuma. Anayesema kwamba Space Truckin' ya albamu ni mchoro tu wa jengo, simpingi.

Ninapoachana nao ni pale wanapotoka kwenye wimbo mmoja na kuihukumu albamu nzima. Jukwaa linazawadia nyimbo zinazoweza kurefushwa. Albamu ilikuwa na hesabu nyingine: nyimbo saba, chini ya dakika 40, kila moja ikiwa na umbo lake. Solo ya gitaa ya Highway Star, kwa mfano, si ya kubahatisha. Blackmore ameeleza kwamba aliitunga noti kwa noti, kwa mpangilio wa koodi unaomkumbusha Bach, mtunzi wa kale wa Ujerumani, na ndiyo sababu mtu anaweza kuiimba mdomoni kama kibwagizo. Anayetaka moto ataipenda ya jukwaani. Anayetaka kusikia kitu kilichofikiriwa ana haki yake pia.

Halafu wapo waliochoshwa na Smoke on the Water, wimbo wa albamu hii unaojulikana kuliko yote. Hawa nawaelewa sana, maana ni vigumu kuusikia wimbo huo kama wimbo. Umekuwa somo la kwanza la kila mwanafunzi wa gitaa, na waswahili walishasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Lakini naona wengi wamechoshwa na nakala, si na asili. Mwanafunzi hushika kidude cha kupigia, anakwangua nyuzi kutoka juu kwenda chini, na mara nyingi anatumia koodi zisizo zenyewe. Blackmore huvuta nyuzi mbili kwa pamoja kwa vidole, kwa hiyo noti zote mbili zinatoka papo hapo, na umbali kati yake ni wa noti nne badala ya tano zilizozoeleka. Ndipo ule mlio mkavu, wenye ukale fulani, unapopatikana. Kisha sikiliza jinsi jengo linavyopanda: gitaa peke yake, kinanda na matoazi ya Ian Paice yanajiunga, ngoma zenyewe, halafu besi. Hakuna anayekimbilia.

Cha kushangaza ni kwamba bendi yenyewe haikuuona uzito wa wimbo huo. Muziki wake ndio ule uliopigwa Pavillon huku polisi wakigonga, na ukawekwa kando bila maneno hadi ilipoonekana albamu imepungukiwa dakika kadhaa. Ndipo wakauandikia kisa cha moto. Singo waliyoitegemea, yaani santuri ndogo ya wimbo mmoja kila upande, ilikuwa Never Before. Hapa wanaosema katikati ya albamu kuna vijazio wananipata bila silaha: Never Before ni wimbo uliotengenezwa ili upendwe, na unasikika hivyo. Wakati huohuo, When a Blind Man Cries, wimbo wa polepole uliorekodiwa kipindi hichohicho, ulitupwa upande wa pili wa singo hiyo kwa sababu Blackmore hakuutaka. Kama ningepewa kalamu ningezibadilisha hizo mbili, na ugomvi wa vijazio ungekwisha kabla haujaanza. Smoke on the Water nayo ilisubiri hadi 1973 ndipo ikatolewa kama singo Marekani, ikafika namba 4. Upande mmoja wa sahani hiyo uliwekwa toleo la studio, upande wa pili toleo la Japani. Kumbe hata kampuni ya santuri haikutaka kuamua ubishi huu.

Kuhusu mashairi, wakosoaji husema ni magari, wanawake na safari za angani. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na sioni haja ya kuyatetea, isipokuwa huo wimbo wa moto. Wengine huucheka kwamba unasomeka kama habari ya gazeti: nani alikuwapo, nini kiliungua, tukahamia wapi. Sikio lililolelewa na tenzi halioni ajabu. Mtu kashuhudia jambo, kalipanga lilivyofuatana, kataja waliohusika, akiwemo Claude Nobs, mwanzilishi wa tamasha la jazi la Montreux, aliyekuwa akiwatoa watu ndani ya kasino. Ushahidi ni fani pia.

Wanaoiweka In Rock, albamu ya bendi hiyohiyo ya 1970, juu ya hii nawapita haraka, kwa kuwa ubishi huo ni wa tabia ya msikilizaji kuliko wa muziki. In Rock ni bendi inayovunja mlango. Machine Head ni bendi iliyokwisha kuingia na inajua kiti chake kiko wapi. Kuna siku za mlango.

Mwaka 2024 albamu ilitolewa upya katika sanduku la matoleo kadhaa, na kazi ya kuchanganya sauti upya akapewa Dweezil Zappa, mtoto wa yuleyule Frank Zappa aliyekuwa jukwaani kasino ikiungua. Mchanganyo wake ni wa kisasa, umeshiba zaidi, umejaa masikio. Niliucheza mara mbili mfululizo nikaupenda, hasa ngoma. Mara ya tatu nilipofika Lazy nikajikuta nautafuta ule mpaka kati ya kinanda na gitaa, nikarudi kwenye santuri ya zamani, kwenye korido na magodoro yake.