Laana ya Hamu Haimo Kwenye Biblia

Nimeisikia tena hivi karibuni, na safari hii kutoka kwa kijana msomi: Afrika haiendelei kwa sababu sisi ni uzao wa Hamu, mwana wa Nuhu, na Hamu alilaaniwa. Hakuwa na hasira wala masihara. Kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida linalojulikana na kila mtu.

Basi tuifungue Mwanzo 9. Nuhu kapanda mizabibu, kanywa divai, kalewa, kalala uchi hemani mwake. Hamu akamwona, akatoka kuwasimulia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakaingia kinyumenyume na nguo mabegani, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Nuhu alipolevuka alitoa laana, nayo ikamshukia Kanaani, mtoto wa Hamu. Sura inayofuata inawataja wana wanne wa Hamu: Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Kushi ni nchi ya kusini mwa Misri, yaani Nubia, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Sudan. Hao ndio watu weusi waliojulikana na waandishi wa Biblia, na laana ile haiwagusi. Rangi ya ngozi haitajwi popote pale.

Kwa nini mjukuu abebe kosa la baba yake? Wafasiri wamehangaika na swali hilo karne kwa karne. Mimi naona jibu ni la kisiasa: Waisraeli waligombania ardhi na Wakanaani, na ugomvi wa ardhi hupenda kutafutiwa sababu kwa mababu. Wamoabi na Waamoni, majirani wengine wa shari, wamepewa asili ya aibu zaidi kwenye Mwanzo 19, wazao wa Lutu na binti zake mwenyewe. Huo ni utani wa majirani wenye kisirani. Lakini hata katika kutukanana huko, bado wanahesabiwa kuwa ndugu.

Mwanzo 10 nayo tunaisoma kama cheti cha damu, na sidhani iliandikwa kwa kazi hiyo. Sheba anatajwa miongoni mwa wazao wa Kushi, kisha anatokea tena kwa wazao wa Shemu. Havila vivyo hivyo. Kanaani amewekwa kwa Hamu ingawa Kikanaani na Kiebrania ni lugha za nyumba moja. Elamu amewekwa kwa Shemu ingawa Kielamu hakina undugu na Kiebrania. Aliyepanga orodha ile alikuwa anatazama nani anatawala wapi, nani anafanya biashara na nani, nani ni adui. Na mjenzi wa ufalme wa Babeli anayetajwa humo ni Nimrodi, mwana wa Kushi. Wanaohubiri laana huruka aya hiyo.

Jambo hili lilikwisha kujibiwa zamani. Ibn Khaldun, mwanahistoria Mwislamu aliyeandika kitabu cha Muqaddimah mwaka 1377, aliwacheka wanasaba waliodai kwamba weusi ulitokana na dua ya Nuhu: Taurati haisemi hivyo, akaeleza, na rangi inatokana na joto la nchi. Lakini biashara ya watumwa ilihitaji hadithi, na hadithi ikaendelea kuishi, mpaka kwenye mimbari za Marekani Kusini.

Kisha ikageuzwa. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walikuwa taifa bora lililotoka upande wa Ethiopia. Waliomfuata wakawaita Wahamiti, yaani wazao wa Hamu. Fikiria ujanja huo: babu aliyetumiwa kumdhalilisha mtu mweusi sasa anatumiwa kudai kwamba kila kizuri cha Afrika kililetwa na wageni karibu weupe. Mwaka 1904 afisa wa Kijerumani, Moritz Merker, aliandika kwamba Wamaasai wana asili moja na Waebrania wa kale. Mwaka 1930 Charles Seligman wa Uingereza aliufanya Uhamiti kuwa elimu ya chuo kikuu. Wakenya wenye umri mkubwa watakumbuka vitabu vya shule vilivyowaita Wamaasai na Wakalenjin Wanilo-Hamiti. Mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg alilivunja kundi hilo kwa hoja za lugha, na kitabu chake cha 1963 kikalizika, angalau vyuoni.

Kwingine halikuzikika. Nchini Rwanda Wabelgiji walitawala kwa imani hiyohiyo, wakawapendelea Watutsi kama Wahamiti, na miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wasikilizaji wake kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea kwenye mto huo, zikapita Kagera hadi Ziwa Victoria. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mugesera kifungo cha maisha mwaka 2016. Ndiyo maana sicheki mtu anaponitajia Hamu kwenye maongezi ya kahawa.

Wala sisi wa pwani tusijitoe. Tunajua watu wangapi walivyoupenda Ushirazi, yaani kudai asili ya Shirazi, Uajemi, na ulivyotumika kuamua nani mwungwana na nani mshenzi.

Anayetaka kuendelea kuhubiri damu iliyolaaniwa anieleze Mathayo 1. Katika ukoo wa Yesu yumo Rahabu wa Yeriko, Mkanaani, mtu wa taifa lilelile alilolilaani Nuhu. Yumo pia Ruthu, Mmoabi, ingawa Kumbukumbu la Torati 23 inamkataza Mmoabi kuingia katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi. Mtoto wa Ruthu alimzaa Yese, na Yese akamzaa Daudi. Mathayo angeweza kuwaruka wanawake hao, kwa kuwa orodha za nasaba zilikuwa za wanaume. Aliwaandika.