Mama mkubwa alikuwa anakata kidonge katikati

Mwaka jana nilimkuta mama mkubwa jikoni, kaweka kidonge cha presha juu ya kibao cha kukatia mboga, anakigawa kwa kisu. Nusu ya leo, nusu ya kesho. Vidonge 30 alivyopewa kliniki alikuwa anavivuta vifike miezi miwili, kwa sababu nauli ya bodaboda na basi mpaka mjini inaizidi hata bei ya dawa yenyewe. Na kliniki ya presha ni Jumanne tu.

Tarehe yake ilipofika nilimsindikiza. Mashine ikasoma 178 kwa 104. Nesi akamgombeza mbele ya watu: "Mama, wewe dawa humezi!" Akainamisha kichwa. Habari ya kisu hakuisema, na mimi nikashindwa kumsemea. Mpaka leo inaniuma.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake ya kwanza kuhusu shinikizo la juu la damu, Septemba 2023, lilisema kati ya watu wazima watano wenye tatizo hili, ni mmoja tu ambaye presha yake imedhibitiwa. Karibu nusu hawajui kama wanayo. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wako kwenye nchi kama zetu, za kipato cha chini na cha kati.

Sisi tumezoea kusema watu ni wabishi. Ni kweli, wapo wanaoacha dawa wakipata nafuu kana kwamba wamemaliza dozi ya malaria, na wapo waliohamia kwenye kitunguu swaumu. Lakini presha haiumi, mpaka siku ya kiharusi. Unamchukua mtu anayejiona mzima, unamwambia ameze kidonge kila siku maisha yake yote, nauli ajitafutie, na akifika dirishani anaambiwa dawa imeisha, akanunue nje. Miguu ikivimba kwa sababu ya amlodipini, moja ya dawa za presha, hakuna aliyemweleza kwamba hilo hutokea na dawa inaweza kubadilishwa. Anaacha kimyakimya. Huyo mimi siwezi kumwita mbishi.

Kwenye dawa za kufubaza makali ya VVU jambo hili tulishaliweza: mgonjwa aliyetulia anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kwa nini wa presha ahangaike kila mwezi? Apewe za miezi mitatu, azichukulie zahanati ya kijijini kwake, na presha apimiwe hapohapo. Dawa hizi ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi, na si za bei ya kutisha serikali.

Siku hizi mama mkubwa namnunulia mimi, za miezi mitatu, anazitunza kwenye kopo la majani ya chai. Wiki iliyopita jirani yake aliliona lile kopo likiwa wazi. Akaomba agawiwe vidonge sita tu, vimfikishe Jumanne.