Klasi mama ya testi ibebe setingi tu, data iache

Kuna hii fasheni ya kusema kurithi klasi ni kubaya popote pale, hata kwenye testi, mimi sikubaliani nayo kabisa. Kwenye testi za Spring Boot (fremuweki ya Java), zile nzito zinazowasha aplikesheni nzima, klasi mama moja (inayorithiwa na klasi nyingine za testi) yenye @SpringBootTest na @ActiveProfiles("test"), yaani washa aplikesheni kwa setingi za testi, ni kitu cha maana sana, na sio kwa sababu ya uvivu wa kuandika anotesheni mbili kila faili. Sababu ni keshi. Spring ikishawasha aplikesheni kwa ajili ya testi huwa inaitunza, klasi nyingine ikija na setingi zilezile inapewa hiyohiyo, haijengi upya. Sasa kila mtu akijipangia yake, huyu kaongeza propati moja, yule kaweka @MockitoBean (zamani @MockBean, ya kubadilisha sehemu ya aplikesheni na ya bandia), kwa Spring hizo tayari ni aplikesheni mbili na kila moja inawashwa kivyake, na ikizidi 32 (ndio limiti ya kawaida) zilizokaa muda mrefu bila kutumika zinatupwa, alafu tunashangaa mbona bildi haiishi.

Ila kwenye Postgres ya Testcontainers (maktaba inayowasha databesi ya kweli ndani ya kontena la Docker kwa ajili ya testi) kuwa makini. Ukiweka @Testcontainers na @Container juu ya fildi ya static kwenye klasi mama utadhani kontena ni moja kwa wote, kumbe linazimwa kila klasi mtoto ikimaliza, na likiwashwa tena linakuja na porti nyingine. Ya kwanza inapita vizuri, ya pili inapewa aplikesheni ya kwenye keshi ambayo bado inatafuta porti ya zamani, konekisheni inagoma, watu wanaanza kulaumu databesi. Toa hizo anotesheni mbili, liwashe kwa start() ndani ya bloku ya static na uliache, Ryuk (msafishaji wa Testcontainers) atalifagia testi zote zikiisha.

Ninachopinga kwa nguvu zote ni data. Mtu anajaza wateja na oda kwenye @BeforeEach (metodi inayoendeshwa kabla ya kila testi) ya klasi mama, miezi ikipita testi inafeli, unafungua faili unakuta assertEquals(3, oda.size()) na hiyo 3 hujui imetoka wapi, unapanda kwa mama, unapanda kwa bibi, na aliyeajiriwa wiki hii ndio kabisa hawezi kujua. Na bado kuna hili, JUnit 5 (maktaba inayoendesha testi za Java) inaendesha @BeforeEach ya mama kwanza, lakini mtoto akiandika metodi yenye jina lilelile, tuseme setUp(), ya mama haiendeshwi tena na kompaila haisemi kitu!! Data ya testi ikae ndani ya testi yenyewe, msomaji aione hapohapo.

Na testi ya hesabu tupu isirithi chochote. Kikokotoo cha VAT hakihitaji Postgres, kiunde kwa new, kipe namba, angalia jibu, basi.