Barua ya dayosisi haijafika, na bado tuna mengi ya kushukuru

Tangu mchungaji wetu apate uhamisho, huu ni mwezi wa saba. Kila Jumapili matangazo yakianza, kanisa zima linatega masikio. Juzi katibu alisoma zamu za usafi, akasoma tangazo la ndoa, akasoma mapato ya mnada wa wiki iliyopita, kisha akakunja karatasi yake. Nyuma yangu mtu alishusha pumzi ndefu.

Kwetu Walutheri wa Tanzania, usharika haujitafutii mchungaji. Dayosisi ndiyo inayompanga, sisi tunasubiri barua. Na watu wakisubiri, maneno hayakosi. Wapo wanaotaka kijana mwenye digrii atakayewarudisha vijana kanisani, wapo wanaotaka mtu mzima aliyekwisha kulea wanawe, na wapo wenye majina mfukoni, wanaowasukuma wazee waende kwa mkuu wa jimbo. Nami nilikuwa hukohuko. Nilikuwa napiga magoti usiku na kumwambia Mungu: ajue kuhubiri, asiwe mkali, mama mchungaji awe mtu wa watu. Nilikuwa natoa maagizo nikiita maombi. Katika miezi yote hiyo sikuwa nimeshukuru hata kwa jambo moja.

Aliyenigeuza ni mwinjilisti wetu. Ndiye anayebeba usharika huu sasa, kwa posho ambayo sisi wenyewe tunamcheleweshea. Jumamosi moja ya masika nilikutana naye jioni akishuka kutoka mtaa wa juu, viatu mkononi, tope hadi magotini, Biblia ameisunda ndani ya koti isilowe. Alikuwa ametoka kumwombea bibi mmoja ambaye hainuki kitandani. Nikampa pole ya mvua. Akanijibu, "Tumshukuru Mungu, leo bibi amekunywa uji, kikombe kizima." Akaendelea na njia yake, maana alikuwa bado na mahubiri ya kesho yake ya kuandaa. Mimi nilibaki pale mgombani nikiwa na aibu. Miezi saba nilikuwa nahesabu tulichokosa, na mwenzangu alikuwa anahesabu kikombe cha uji.

Wazee wetu huku Kilimanjaro walipita pagumu kuliko hapa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wamisionari Wajerumani waliondolewa na Waingereza. Bruno Gutmann wa Old Moshi aliondoka mwaka 1920, akarudi mwaka 1925. Katika miaka ile, kazi ya kila siku ya makanisa ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, wakati ambapo hakuna Mchaga hata mmoja aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji. Wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934. Watoto walifundishwa, Jumapili hazikupita bure, na imani hiyo ndiyo tuliyoirithi sisi tunaonung'unika kwa miezi saba.

Sisemi tujifanye hatuna upungufu. Meza ya Bwana tumeipata mara mbili tu, siku mchungaji wa usharika jirani alipoweza kuja. Watoto wa kipaimara wameshamaliza mafundisho na bado wanasubiri siku yao. Hayo yanauma, na ni haki tumwambie Mungu yanavyouma. Lakini katika Mathayo 9 Yesu alipoona watenda kazi ni wachache, aliwaambia wanafunzi wamwombe Bwana wa mavuno. Mavuno yana mwenyewe. Sisi tunaolima tunajua, mwenye shamba hasahau msimu wa kuvuna.

Kuna jambo jingine ambalo silisikii likisemwa katika vikao vyetu. Huyo mchungaji tunayemwomba, hivi sasa ni mchungaji wa watu. Kuna usharika mahali fulani utakaolia siku atakapofunga mizigo. Kuna watoto wake watakaohama shule, na kuna bibi wa huko atakayeuliza nani atakuja kumwombea. Nikiwaza hivyo, ile orodha yangu inakosa uzito. Atakayekuja atakuja na majeraha ya kuaga, na akikuta tumekwisha mpima kwa kipimo cha aliyeondoka, tutakuwa tumemwonea kabla hata hajapanda madhabahuni. Afadhali tumshukuru Mungu kwa ajili yake tangu sasa, tusiyemjua hata jina.

Nashukuru kwamba wapo walionitangulia katika hili. Wiki hii umoja wa wanawake wamepaka chokaa nyumba ya mchungaji, na fundi mmoja, mzee wa kanisa, amebadilisha bati lililokuwa linavuja juu ya chumba cha watoto bila kudai hata senti. Nilipopita pale Alhamisi nilimkuta mama mmoja nyuma ya jiko, ameinama, anapanda mchicha. Nikamwuliza, "Shikamoo mama, na barua yenyewe haijafika, mchicha huu ataula nani?"

"Marahaba. Mchicha hauchukui mwezi," akasema, bila kuinua kichwa. "Hebu shika hiyo ndoo, mwanangu, unimwagilie tuta lile la mwisho."