Almasi Ilibaki Almasi: Je, Umbo Lililozaliwa na Shinikizo Linaweza Kuishi Nje Yake?

Mahenge, mkoani Morogoro, kuna madini ya kinywe, yale meusi na laini yanayotiwa katika penseli na katika betri. Mwadui, mkoani Shinyanga, ndiko mwanajiolojia John Williamson kutoka Kanada alikogundua mwamba wenye almasi mwaka 1940. Kinywe na almasi, kwa asili yao, ni kitu kimoja: vyote viwili ni kaboni. Katika kinywe kila atomu imeshikana na wenzake watatu katika tabaka bapa, na matabaka hayo yameshikana kwa udhaifu kiasi kwamba kidole kikipita juu yake huondoka na weusi. Katika almasi kila atomu imeshikwa na wenzake wanne kutoka pande zote, na uzito wa sentimita moja ya ujazo hupanda kutoka gramu 2.26 hadi gramu 3.51. Almasi nyingi za asili hupata umbo hilo katika kina cha zaidi ya kilomita 150, ambako shinikizo na joto havimpi kaboni nafasi ya kukaa kwa raha.

Kwa kuwa almasi hubaki almasi hata ikiwekwa mezani, tumezoea kuifanya kielelezo cha kila kitu kinachobanwa. Upo upande unaosema kwamba tukibana vya kutosha tutapata maada mpya zenye sifa za ajabu, kisha tutazitoa kwenye mashine na kuzitumia. Upo upande wa pili unaosema kwamba nyingi ya maada hizo huishi ndani ya kibano tu, na kwamba kibano kikilegezwa hurudi zilivyokuwa. Swali hili si dogo, kwa maana juu yake zimejengwa ahadi za nyaya za umeme zisizopoteza nishati na hata za fueli mpya ya roketi.

Kabla ya kupima pande hizo, ni vyema kuona shinikizo hufanya nini hasa. Katika hali ya kawaida atomu hujipanga kwa namna inayozipa nishati ndogo zaidi, na nafasi si tatizo. Shinikizo likipanda, nafasi yenyewe huwa na gharama, na mpangilio unaochukua nafasi ndogo hushinda hata kama vifungo vyake vya kikemia havina utulivu wa awali. Ndiyo maana idadi ya majirani wa kila atomu huelekea kuongezeka. Mchanga wa kawaida wa kwatzi una silikoni iliyozungukwa na oksijeni nne. Ukibanwa sana huwa stishovaiti, ambamo silikoni ile ile imezungukwa na oksijeni sita, na uzito kwa kila sentimita ya ujazo huruka kutoka gramu 2.65 hadi kama gramu 4.3. Mambo hayaendi kwa mstari ulionyooka, hata hivyo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba sodiamu, metali inayong'aa, ikifikishwa karibu gigapaskali 200 hugeuka kuwa kitu cha kupenyeza nuru kama kioo, kwa sababu elektroni zake husukumwa katika mianya kati ya atomu na kukwama humo. Gigapaskali moja ni kama mara 10,000 ya shinikizo la hewa usawa wa bahari, na katikati ya dunia kuna kama 360.

Kifaa kinachofanya kazi hii hutosha katika kiganja. Kilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950: fuawe mbili za almasi zinazotazamana, ncha zake zikiwa zimesawazishwa zikawa bapa na ndogo sana, na katikati yake gasketi ya metali yenye tundu dogo la kuwekea sampuli. Mtafiti hukaza skrubu kwa mkono, na kwa sababu almasi hupitisha nuru, anaweza kutazama kwa hadubini kinachotokea. Akiweka tone la maji katika chumba chenye joto la kawaida na kukaza hadi kama gigapaskali 1, ataona fuwele za barafu zikichipuka ndani ya maji yasiyopozwa hata kidogo, nazo huzama badala ya kuelea, kwa kuwa ni nzito kuliko maji yaliyozizaa. Akilegeza skrubu, barafu ile huyeyuka mbele ya macho yake. Kwa upande wa mashaka, tone hilo moja ni hoja nzima.

Tuanze, hata hivyo, na upande wa matumaini, kwa sababu una ushahidi unaoshikika. Desemba 1954 Tracy Hall, akiwa katika maabara ya General Electric huko Schenectady, alitengeneza almasi kutokana na kaboni kwa mashinikizo ya mashine, na kampuni hiyo ikatangaza mafanikio hayo mwaka 1955. Watafiti wa kampuni ya ASEA ya Uswidi walikuwa wamefanikiwa mwaka 1953 lakini hawakutangaza. Mwaka 1957 Robert Wentorf, wa General Electric pia, alibana boroni na naitrojeni akapata fuwele ngumu inayokaribia almasi, ambayo kwa kukata chuma ni bora kuliko almasi yenyewe, kwani almasi ikipata moto hudhurika inapogusana na chuma. Vitu hivi havikubaki katika majarida. Vimo katika misumeno, misumari ya kuchimbia miamba na mashine za karakana, na havijabadilika tangu vilipotoka kwenye kibano.

Asili nayo inaunga mkono upande huu. Stishovaiti ilitengenezwa maabarani mwaka 1961, na mwaka uliofuata ikapatikana katika shimo la kimondo huko Arizona, ambako pigo la kimondo lilibana mchanga kwa kufumba na kufumbua. Shimo hilo lina umri wa kama miaka 50,000, na stishovaiti imekaa humo muda wote huo bila shinikizo lolote la kuishika. Karibu zaidi na wakati wetu, kundi la Paul Chu katika Chuo Kikuu cha Houston lilieleza mwaka 2021 kwamba fuwele za chuma na seleniamu zilizobanwa, kisha zikaachiliwa ghafla zikiwa katika baridi kali, ziliendelea kupitisha umeme bila ukinzani hadi kama kelvini 37, yaani nyuzi 236 hivi chini ya sifuri za selsiasi, kiwango cha juu mno kuliko zinavyofikia bila kubanwa. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote wa upande huu, kwa sababu unatoa njia, yaani kuachilia kwa kasi na katika baridi, badala ya kutoa tumaini peke yake.

Upande wa mashaka hauna haja ya kukanusha lolote kati ya hayo. Unauliza tu kwa nini orodha ya vilivyobaki ni fupi kuliko ya vilivyorudi. Sodiamu ile ya kioo hurudi kuwa metali. Umbo la madini ya silikati lililogunduliwa mwaka 2004, linalodhaniwa kutawala mpaka wa chini kabisa wa vazi la dunia, yaani tabaka nene la miamba lililo chini ya ganda la juu, karibu na kina cha kilomita 2,700, haliwezi kutolewa maabarani likiwa zima. Hata madini yaliyo mengi kuliko yote duniani, ambayo yanajaza vazi la chini la sayari yetu, hayakuwa na jina rasmi hadi mwaka 2014, kwa kuwa sheria ya wanamadini hudai sampuli ya asili. Yalipatikana hatimaye kama chembe ndogo sana ndani ya kimondo kilichoanguka Tenham, Australia, mwaka 1879, yakaitwa brijimanaiti kwa heshima ya Percy Bridgman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1946 kwa kazi yake juu ya shinikizo kubwa.

Mfano unaonigusa zaidi ni barafu iliyotangazwa mwaka 2018. Wachunguzi walikuta ndani ya almasi kutoka vilindini aina ya barafu nzito ambayo, katika joto la kawaida, huhitaji zaidi ya gigapaskali 2 ili iwepo. Ilikuwapo kwa sababu almasi iliyoizunguka, kwa ugumu wake, ilikataa kutanuka ilipopanda juu, ikaendelea kuibana. Barafu ile, kwa hiyo, haijawahi kuishi nje ya shinikizo. Ilisafiri na gereza lake hadi mikononi mwa watu.

Kinachotenganisha makundi haya mawili, kwa maoni yangu, ni kizingiti cha nishati kinachozuia njia ya kurudi, wala si ukubwa wa shinikizo lililotumika. Katika hewa ya kawaida kinywe ndicho kilicho tulivu kuliko almasi, ingawa kwa tofauti ndogo. Almasi haigeuki kwa sababu ili kugeuka lazima ivunje vifungo imara sana kati ya atomu, na joto la chumba halina nguvu hiyo. Ikipata joto kali na muda, huanguka. Huko Beni Bousera, kaskazini mwa Morocco, kuna mwamba uliopanda polepole kutoka vilindini ukiwa bado na moto, na ndani yake kuna vipande vya kinywe vyenye umbo la nyuso nane la almasi. Wanajiolojia waliovichunguza wanavisoma kuwa almasi za zamani zilizobadilika njiani. Almasi za Mwadui zilinusurika kwa kuwa volkano ya kimbalaiti, mwamba ulioyeyuka kutoka vilindini, ilizifyatua juu upesi, zikapoa kabla hazijapata nafasi ya kurudi.

Tukishika kipimo hicho, mjadala wa haidrojeni, ambayo ndiyo msingi wa ile ahadi ya fueli ya roketi, unakuwa rahisi zaidi kuupima. Mwaka 1935 Eugene Wigner na Hillard Huntington walitabiri kwamba haidrojeni ikibanwa kama gigapaskali 25 itakuwa metali. Kiasi hicho kilipitwa mara nyingi bila metali kuonekana. Mwaka 2017 Ranga Dias na Isaac Silvera wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza kwamba wameiona kwenye gigapaskali 495, na pamoja na tangazo hilo yakaja matumaini kwamba huenda ingebaki metali baada ya kuachiliwa. Wenzao walipinga: jaribio lilikuwa moja tu, upimaji wa shinikizo ulitiliwa shaka, na mng'ao ulioonekana huenda ulitokana na utando uliopakwa kwenye almasi. Wiki chache baadaye fuawe moja ilipasuka na sampuli ikapotea. Mwaka 2020 Paul Loubeyre na wenzake wa Ufaransa walitoa kipimo kilichofanywa kwa uangalifu zaidi, kwa kutumia nuru ya infraredi ya mtambo wa SOLEIL karibu na Paris, wakaona badiliko la ghafla linaloashiria metali kwenye gigapaskali 425.

Kwa haki, watetezi wa matumaini wanaweza kusema kwamba hesabu za kinadharia zimewahi kuonyesha uwezekano wa haidrojeni kukwama katika umbo la metali, na kwamba wanaobeza leo wangeweza kubeza almasi ya maabara kabla ya 1954. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau jambo moja. Kaboni ina vifungo vinne vya kuivuta isirudi. Atomu ya haidrojeni ina elektroni moja na wepesi usio na mfano, na hata katika baridi kali hutikisika bila kukoma. Badiliko lililoonwa na Wafaransa, ambao ndio ninaowaamini zaidi katika suala hili, lilirudi nyuma shinikizo liliposhushwa.

Misombo ya haidrojeni ipo katikati. Mwaka 2015 kundi la Mikhail Eremets huko Mainz, Ujerumani, lilionyesha kwamba mchanganyiko wa salfa na haidrojeni hupitisha umeme bila ukinzani kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri za selsiasi, ukiwa chini ya gigapaskali 150 hivi, na matokeo hayo yakathibitishwa kwingine. Makala mbili nyingine zilizodai makubwa zaidi, za mwaka 2020 na 2023, zilifutwa na jarida la Nature. Naona ni kosa kuzitumia zile zilizofutwa kuitilia shaka kazi ya Mainz, na ni kosa vilevile kuichukua kazi ya Mainz kama nusu ya safari ya kufikia waya wa majumbani. Mchanganyiko ule haujatolewa kwenye kibano ukiwa hai. Anayedai kwamba utatoka anapaswa kuonyesha kizingiti kitakachouzuia kurudi, na atuambie kitavumilia joto kiasi gani.